Mwalimu, habari hii umeitoa wapi?



Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipoanza kufundisha historia katika shule moja ya sekondari, mali yetu kubwa ilikuwa daftari. Lilikuwa na jalada gumu, na ndani yake tulikuwa tumenakili kwa mkono masomo yote ya mwaka. Asubuhi moja tuliandika ubaoni kwamba mwaka 1482 Mreno Diogo Cão aligundua mdomo wa mto Kongo. Wanafunzi wakanakili. Kisha kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akauliza: «Mwalimu, je, hakuwakuta watu pale?» Tukajibu kwamba aliwakuta. Akauliza tena: «Basi wao walikuwa hawajauona huo mto? Mwalimu, habari hii umeitoa wapi?»

Tulimwambia aketi, asipoteze wakati wa darasa. Wenzake wakacheka, naye akaketi. Lakini jioni ile hatukupata amani. Tulijua vizuri kwamba hatukumnyamazisha kwa sababu swali lake lilikuwa baya. Tulimnyamazisha kwa sababu hatukuwa na jibu. Daftari letu tulilinakili kutoka kwa mwalimu aliyetufundisha sisi. Naye, kama alivyotueleza baadaye, alikuwa amenakili lake katika shule ya ualimu kabla ya uhuru. Sentensi ile moja ilikuwa imepita mikono mitatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza imetoka wapi.

Leo twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo huonekana kuwa la walimu peke yao, yaani mafunzo ambayo mwalimu wa historia huyapata, au huyakosa, baada ya kupokea diploma yake. Twawaandikia ninyi vijana kwa sababu anayekosa mafunzo hayo ni mwalimu, lakini anayelipa gharama yake ni mwanafunzi.

Daftari moja, tawala nyingi

Shule nyingi za kwanza za nchi yetu zilizaliwa katika misheni. Mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru ya Kongo yaliwapa wamisionari ardhi, nao wakachukua wajibu wa kufungua shule. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikatoa ruzuku kwa shule za misheni za Kibelgiji. Kijijini, mwalimu na katekista mara nyingi walikuwa mtu mmoja. Alifundisha sala, kusoma, kuandika na kuhesabu. Twaishukuru kazi hiyo, maana bila yake wazazi wetu wengi wasingejua kusoma. Lakini tusifiche ukweli: historia iliyofundishwa ilikuwa zaidi historia ya wafalme wa Ubelgiji na ya wasafiri wa Ulaya. Wazee wetu waliingia kitabuni siku Mzungu alipofika kwao, kana kwamba kabla ya siku hiyo hapakuwa na kitu cha kusimulia.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa na umri wa miaka sita tu, na kile cha Elisabethville miaka minne. Wakongo waliokuwa na shahada walihesabika kwa urahisi. Walimu wengi wa Kibelgiji wakaondoka, na madarasa ya sekondari yakabaki bila watu wa kuyashika. Umoja wa Mataifa, kwa njia ya UNESCO, ukatuma walimu kutoka nchi mbalimbali. Wengi wao walikuwa Wahaiti, watu weusi waliozungumza Kifaransa na ambao nchi yao ilijitwalia uhuru mwaka 1804. Mwaka 1961 ikaanzishwa Taasisi ya Taifa ya Ualimu huko Léopoldville, ili Wakongo wenyewe wafundishwe kuwa walimu wa sekondari.

Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, na masomo ya historia yakawekwa Lubumbashi. Mwaka huo huo nchi ikaitwa Zaïre, kwa jina la kurudi kwenye uhalisi wa Kiafrika. Wanafunzi waliambiwa washangilie. Ni wachache walioambiwa kwamba neno «Zaïre» lenyewe ni neno la Kikongo «nzadi», yaani mto, lililogeuzwa katika vinywa vya Wareno. Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilizitwaa shule za makanisa, na somo la dini likaondolewa. Februari 1977 yakafanyika mapatano yaliyorudisha uendeshaji wa shule hizo kwa makanisa. Aprili 1990 chama kimoja kikafikia mwisho wake. Mei 1997 nchi ikarudia jina la Kongo.

Mfikirie sasa mwalimu aliyeanza kazi mwaka 1958 na kustaafu mwaka 1998. Kila utawala uliopita ulimletea mashujaa wake na wasaliti wake, na mara nyingine shujaa wa jana akawa msaliti wa leo. Je, ni nani aliyeketi pamoja naye akamsaidia kupima upya mambo aliyokuwa akiyafundisha? Kwa wengi wetu jibu ni kwamba hakuna. Programu mpya ilifika kama waraka. Mkaguzi alipokuja aliangalia kama maandalio ya somo yameandikwa na kama tarehe zinafuatana na utabiri wa masomo. Ni mara chache mno aliuliza kama yale yaliyoandikwa ni ya kweli.

Hatusemi hayo ili kumlaumu mwalimu. Katika miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipopoteza thamani, wazazi ndio waliochanga fedha ili walimu wasiondoke madarasani. Mtu anayelima asubuhi na kufundisha mchana hana fedha za kununua kitabu. Hushika daftari alilo nalo. Na hapo ndipo hatari ilipo: mwalimu wa historia aliyeacha kujifunza huendelea kufundisha mawazo ya utawala ule uliompa daftari, hata baada ya utawala huo kufa.

Barua mbili za mfalme

Miaka kadhaa baada ya swali la yule kijana, tuliitwa kwenye mafunzo ya siku tatu pamoja na walimu wengine wa historia. Tulitazamia hotuba ndefu, kisha fedha za usafiri. Badala yake mwezeshaji alimpa kila mmoja karatasi iliyokuwa na barua isiyo na jina la mwandishi. Akatuuliza maswali manne: Ni nani aliyeandika? Alimwandikia nani? Alitaka nini? Ni jambo gani ambalo halisemi?

Tulibishana asubuhi nzima. Mwandishi alilalamika kwamba wafanyabiashara wanawachukua watu wake kila siku, hata watoto wa wakubwa na ndugu zake mwenyewe, na kwamba nchi inabaki tupu. Alisema hataki biashara ya watumwa katika ufalme wake. Aliomba aletewe mapadri na walimu wa shule, pamoja na divai na unga kwa ajili ya Sakramenti, wala si bidhaa nyingine. Wengine wetu tulidhani ni barua ya mmisionari. Kumbe mwandishi alikuwa Mvemba a Nzinga, mfalme Afonso wa Kongo, naye alimwandikia João III, mfalme wa Ureno, mwezi Julai mwaka 1526. Mfalme Mwafrika, Mkristo, mwenye kusoma na kuandika, alikuwa akidai haki mbele ya mfalme wa Ulaya, zaidi ya miaka mia tatu na hamsini kabla ya Mkutano wa Berlin. Katika madaftari yetu hakuwa na nafasi, au alikuwa na mstari mmoja.

Tulifurahi mno. Tulikuwa tumepata shujaa. Ndipo mwezeshaji akatupa karatasi ya pili, barua ya mfalme yule yule ya mwezi Oktoba mwaka ule ule. Humo Afonso aeleza kwamba ameweka watu watatu wa kukagua kila mtumwa anayenunuliwa, ili ijulikane kama kweli ni mateka halali au ni mtu huru aliyeibwa. Maana yake ni kwamba biashara haikukoma, iliwekewa masharti.

Hapo mabishano yakaanza upya. Mwalimu mmoja akasema mfalme alisaliti neno lake. Mwingine akajibu kwamba hakuwa na nguvu za kuizuia biashara yote, akajaribu kuokoa wale aliowaweza. Mama mmoja, mwalimu wa siku nyingi, ambaye alikuwa hajasema neno, akauliza: «Na hao walioitwa mateka halali, barua yao iko wapi?» Hakuna aliyekuwa nayo, kwa kuwa hao hawakupata nafasi ya kuandika. Tangu siku hiyo twaamini kwamba swali la mama yule ndilo moyo wa kazi ya mwalimu wa historia: kusikiliza anayesema, na kumtafuta ambaye hakupewa nafasi ya kusema.

Mafunzo yale yalitufaa kwa sababu tatu. Kwanza, tulifanya sisi wenyewe kazi ile ile tuliyopaswa kuwafanyisha wanafunzi. Hatukuhubiriwa juu yake. Pili, tulifanya pamoja, watu wa shule mbalimbali, na kila mmoja alisahihishwa na mwenzake bila kuaibishwa. Tatu, tulitakiwa kujaribu somo moja darasani na kurudi baada ya wiki chache kueleza lilivyokwenda, hata kama lilikwenda vibaya. Mafunzo ya siku tatu yasiyo na siku ya kurudi hubaki kumbukumbu ya chakula kizuri.

Tuliporudi shuleni, somo la 1482 tulilianzia Mbanza Kongo, mji mkuu wa ufalme, ambao leo uko Angola. Diogo Cão alibaki ndani ya somo, lakini alifika kama mgeni mlangoni pa watu wenye mfalme, soko na sheria.

Wazee nao ni ushahidi

Mtauliza: na watu wasioacha barua, historia yao tutaipata wapi? Swali hilo lilijibiwa kwa sehemu katika nchi yetu. Mbelgiji Jan Vansina alianza utafiti wake kwa Wakuba wa Kasai mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1961 akatoa kitabu juu ya mapokeo ya mdomo. Alionyesha kwamba masimulizi ya wazee yaweza kupimwa kama zinavyopimwa hati: ni nani anayesimulia, alipokea kwa nani, masimulizi hayo yanamfaidia nani, na jirani yake anasimulia namna gani. Wazee si vitabu vya kunakiliwa, wala si wa kudharauliwa. Ni mashahidi, na shahidi huheshimiwa kwa kuulizwa vizuri.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi nasi kwa lugha. Mwaka 1965 André Yav, aliyewasemea wazee waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Aliiandika kwa Kiswahili cha mji huo. Mtu aisomaye akiwa na kitabu cha tarehe mkononi ataona kwamba mambo mengine hayalingani. Lakini ndani yake twasikia mji ukisimuliwa na wale waliopika, waliofua na waliofagia. Mwalimu aliyefunzwa vizuri ataiweka kando ya historia ya mji iliyoandikwa na wakubwa wa migodi, kisha atawauliza wanafunzi: kila mmoja ameona nini ambacho mwenzake hakukiona?

Vitabu vikubwa vipo pia. Mwaka 1964 UNESCO ilianza kazi ya Historia Kuu ya Afrika, ambayo ilifikia majuzuu manane yaliyoandikwa kwa sehemu kubwa na wataalamu wa Afrika wenyewe. Baada ya muda ilionekana kwamba majuzuu hayo yalikaa maktabani na hayakufika shuleni. Ndiyo sababu mwaka 2009 UNESCO ilianza kazi ya pili ya kuyageuza kuwa masomo, na mwana wa nchi yetu, Profesa Elikia M'Bokolo, akaongoza kamati ya wataalamu. Twajifunza nini hapo? Kwamba kati ya kitabu na mtoto kuna mtu. Mtu huyo asipofunzwa, hata kitabu bora hulala kabatini.

Jirani aliyefunga somo

Lipo jambo lililotokea jirani yetu ambalo latuonyesha gharama yake yote. Nchini Rwanda, kwa miaka mingi, shule zilifundisha kwamba wakaaji wa nchi ni jamii za asili tofauti, mmoja mwenyeji na mwingine mvamizi. Mafundisho hayo yaliletwa na wasomi wa kikoloni, yakarudiwa katika shule, zikiwemo shule za misheni, na baada ya uhuru yakaendelea. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, serikali mpya ilisimamisha somo la historia ya Rwanda mashuleni. Fikirini uzito wa jambo hilo: nchi nzima yaona kwamba somo lake la historia limekuwa sumu, na haina walimu walioandaliwa kulifundisha kwa namna nyingine.

Kati ya miaka ya 2004 na 2006 kikafanyika kazi ya kutafuta njia. Wizara ya elimu ya Rwanda na Chuo Kikuu cha Taifa cha Butare walishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley na shirika la Marekani liitwalo Facing History and Ourselves, ambalo huwafundisha walimu kazini. Walimu wa Rwanda hawakuanzishwa kwenye jeraha lao wenyewe. Katika semina walitazama kwanza habari za Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, namna demokrasia ilivyoporomoka na majirani wakageukana. Kwa kuitazama nchi ya mbali waliweza kusema mambo ambayo juu ya nchi yao ulimi ulikataa. Mwaka 2006 kikatoka kitabu cha kuwaongoza walimu, chenye hati na mazoezi badala ya masimulizi ya kukariri.

Je, kazi ilimalizika? Hapana. Watafiti wenyewe waliohusika waliandika kwamba walimu walikuwa na hofu. Swali la mwanafunzi juu ya makabila liliweza kumtia mwalimu matatani, hasa baada ya sheria ya mwaka 2008 juu ya itikadi ya mauaji ya kimbari. Mwalimu anaweza kufunzwa kuuliza, lakini kama nje ya mafunzo kuuliza ni hatari, atarudia daftari. Tusimcheke jirani. Sisi hatukufunga somo letu, lakini pia hatukuketi kulichunguza.

Jambo linalotuuma

Mwaka 1996, vita vilipofika kwetu, vijana kadhaa wa darasa letu waliacha masomo. Mmoja wao tulimpenda sana. Watu walikuja mtaani wakisimulia ni nani aliyekuja kwanza katika milima hii, ni nani mgeni, na ardhi ni ya nani. Walisimulia kwa uhakika, bila kusita, kama sisi tulivyosimulia habari za 1482. Alitujia kutuambia kwamba anaondoka. Tulimsihi abaki, lakini hatukuweza kumwambia: «Waulize habari hiyo wameitoa wapi.» Tungemwambiaje? Sisi wenyewe tulikuwa tumewafundisha wanafunzi wetu kwamba anayeuliza swali hilo huambiwa aketi. Hatukumwona tena darasani.

Hatudai kwamba somo moja lingalimzuia. Vita vina sababu nyingi, na kijana mwenye njaa haondoki kwa ajili ya historia peke yake. Lakini twajua kwamba tulikuwa na miaka mitatu naye, na silaha ile ndogo, yaani swali, hatukumpa.

Leo masimulizi ya namna ile hayaji kwa miguu tena. Yanaingia katika simu zenu usiku, yakiwa na picha na tarehe, nayo hayamtaji aliyeyatunga. Kwa hiyo twawasihi mambo mawili. Wale kati yenu wanaofikiri kuchukua masomo ya ualimu, msichague historia kwa kuwa ni rahisi kukariri. Ichagueni mkijua kwamba mtakuwa wanafunzi mpaka uzeeni. Na ninyi nyote, mwulizeni mwalimu wenu habari zake amezitoa wapi. Ulizeni kwa adabu, baada ya somo ikiwezekana, wala si kwa kumtega. Mwalimu mwema atafurahi. Mwalimu aliyechoka pengine atakasirika kama tulivyokasirika sisi, lakini jioni atalifikiria. Hayo nayo ni mafunzo kazini, na hayahitaji fedha za usafiri.

Yule kijana wa kwanza, wa swali la mto, hatujui aliko. Kama anasoma maneno haya, tunamwomba radhi. Jibu tulilopaswa kumpa ni hili: «Hatujui, mwanetu. Tutafute pamoja.»

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni habari gani juu ya asili ya mtaa, kijiji au kabila letu tunayoirudia bila kujua imetoka kwa nani?

2. Tumchague mzee mmoja wa parokia na kumwomba atusimulie tukio moja aliloliona kwa macho yake. Kisha tumtafute mwingine aliyeliona tukio hilo hilo. Wanapatana wapi, na wanaachana wapi?

3. Kikundi chetu chaweza kufanya nini ili walimu wa historia wa shule zetu wapate mahali pa kukutana na kujifunza pamoja, hata mara moja kwa muhula?